Karafuu Mbichi Kwenye Kopo la Risasi

Baba yangu alikuwa na bunduki moja na kanuni nyingi. Bunduki yenyewe ilikuwa ya marisau, ya mitutu miwili, kairithi kwa babu, na leseni yake aliihuisha kila mwaka kituo cha polisi cha Chake, hapa Pemba, bila kukosa. Kanuni alizitunga mwenyewe, na alizirudia kila alipompata mtu wa kumsikiliza. Miaka yake sita ya mwisho, mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaachika na nimeshastaafu ualimu, mambo mawili ambayo kwa ndugu zangu yalitosha kuonesha kwamba sina kazi. Kaka yangu yuko Unguja, dada yangu kaolewa Tanga. Walikubaliana wao kwa wao kwenye simu, mimi nimekaa pale pale nasikiliza, kwamba mzee atakaa na mimi. Sikuulizwa. Sisemi haya kwa kulaumu, ingawa nalaumu kidogo.

Nyumba yetu iko peke yake shambani, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka barabara ya Wesha. Shamba lilikuwa kubwa zamani za babu. Likagawanywa, likagawanywa tena, na kilichobaki ni mikarafuu inayoizunguka nyumba pamoja na sakafu ya kuanikia, pana kama uwanja wa skuli. Jirani ni mmoja tu, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Makoongwe, aliyeletwa hapa akiwa bibi harusi miaka thelathini nyuma. Baba aliendelea kumwita Bibi Harusi hata alipokuwa na wajukuu. Naye kila akiitwa hivyo hufunika uso kwa kanga, utadhani ndiyo kwanza kafika.

Msimu wa karafuu ukifika, mali yote ya mwaka inalala nje juu ya majamvi, na wezi wanalijua hilo. Ndiyo sababu babu alinunua bunduki. Baba katika umri wake wote aliwapigia kima, na mara nyingi alipiga juu, kima wakamkodolea macho wakaendelea kula ndizi. Kwa binadamu hajapata kuielekeza. Alijisifia jambo hilo kuliko alivyojisifia kuhiji.

Watu wengi wakisikia bunduki ya kulindia nyumba hudhani imeegemezwa nyuma ya mlango, risasi zimo ndani, inamngojea mwizi. Baba aliwasikiliza watu wa namna hiyo kwa adabu zote, kisha wakiondoka anasema, "Yule mwisho wake ataua ntu wake mwenyewe." Kwake yeye bunduki iliyo tayari ni bunduki safi, tupu, iliyofungiwa, na mwenye nyumba anajua ufunguo uko wapi. Akiulizwa je, mwizi akija, alijibu kwamba mwizi akilisikia kabati la chuma linafunguliwa hangoji kuona kilichomo. Bawaba za kabati lile zilikuwa zimeshika kutu na zilipiga kelele za kutisha. Alikataa katakata zitiwe mafuta. Kila kitu chengine ndani ya nyumba kilitiwa mafuta.

Chuma kwetu hakina maisha. Hewa ya chumvi inakula misumari, inakula bati, inakula vijiko. Kwa hiyo kila Ijumaa, akishatoka msikitini na akishakula, baba alitandika gunia sebuleni akaitoa bunduki. Alikuwa na fimbo yake ya kusafishia, vitambaa vya shuka kuukuu na kichupa cha mafuta ya cherehani. Mafuta aliyatia kidogo tu, kwa ncha ya kidole, maana alisema mafuta mengi hukusanya vumbi na vumbi hugeuka tope. Akimaliza aliisimamisha kabatini mitutu ikiangalia chini, ili mafuta yasiteremke yakaozesha mbao za kitako. Mfuko wa ngozi alioachiwa na babu hakuutumia kamwe, kwa sababu ngozi hunywa unyevu. Tuliuwekea viatu.

Risasi hazikukaa chumba kimoja na bunduki. Na mtu akipewa bunduki mkononi, hata kwa kuifuta tu, ilikuwa lazima kwanza aikunje, yaani aifungue pale mitutu inapokutana na kitako, aangalie mitutu yote miwili mpaka aone mwanga upande wa pili. Baba mwenyewe ameshaikunja mbele yako, ameshaangalia, kisha anakupa ikiwa wazi. Na bado wewe uangalie.

"Usin'amini," alikuwa akisema. "Hata mie baba'ako usin'amini. Angalia weye."

Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo nilikuwa na miaka tisa, na nililia. Niliona baya sana mtu kuambiwa asimwamini baba yake. Mama alinicheka.

Kanuni ya mwisho ilikuwa kwamba kuhusu bunduki hapasemwi uongo ndani ya nyumba. Uongo mwengine tulisema kama wanavyosema watu wote. Mtu akija kuazima sukari tukasema imekwisha, mtu tusiyetaka kumuona tukasema mzee kalala. Lakini ukiulizwa bunduki iko wapi, unasema ilipo. Ukiulizwa ina kitu, unasema ina nini. Mdogo kwa mkubwa, hapana mzaha.

Kisha baba akaanza kusahau.

Alianza kwa kumuulizia mama, aliyekuwa na miaka kumi na moja kaburini. Nikamwambia, akasikitika, akaniuliza tena kabla chai haijapoa. Akaanza kuvaa kanzu mbili. Akaanza kusali adhuhuri mara tatu, kila mara kwa utulivu kamili, nami nikimtazama nashindwa kujua kama nimkumbushe au nimwache. Kufua, kupika, kumwogesha, kumtafuta migombani, kumrudisha. Kuna siku nilikaa jikoni nikawa natazama moto tu, sina hamu hata ya kusema. Wanaosema kumlea mzazi ni neema wamesema kweli, lakini wengi wao nawajua na wazazi wao wanalelewa na wengine.

Cha ajabu, Ijumaa alikuwa mzima. Jina langu linampotea, fimbo ya kusafishia haimpotei. Mikono ilijua. Ufunguo wa kabati alikuwa nao kiunoni, kwenye uzi mweusi chini ya kikoi, haukutoka hata kuoga. Na mimi niliutazama ufunguo ule kila siku kwa hofu, nasema wazi. Niliogopa kwamba itafika siku ataniona mimi ni mgeni katika nyumba yake. Bunduki ilikuwa lazima itoke kabla haijamuumiza mtu. Lakini ilikuwa lazima itoke kwa mkono wake na kwa kauli yake. Kumdanganya juu ya kitu kile kimoja nilikuwa siwezi.

Kaka alinishauri kwa simu nimwibie ufunguo akiwa anaoga. Nikamwambia aje aibe mwenyewe, boti ziko. Papo hapo akaongeza, "Lakini usiipeleke polisi, ile ni ya babu." Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Siku moja katika siku zake nzuri baba aliniita akanipa risasi zote. Zilikuwa kumi na nne, za kizamani, ganda la karatasi ngumu nyekundu na kitako cha shaba. "Bunduki yangu, risasi zako," akasema. "Mmoja akipotea, mwengine atakuwepo." Nikajua anajijua. Nilizipokea nikaenda uani kulia, kisha nikarudi kupika.

Nilizitia kwenye kopo la biskuti, kopo nikaliweka ndani ya kasha la mama, na ufunguo wa kasha nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Mwanzo wa msimu ule nilipofungua kopo kuzikagua nikaona mende wamezitafuna mbili tatu pembeni. Nikafanya lile ambalo kila mwanamke wa Pemba angelifanya: nikatia karafuu. Sisi karafuu tunatia kwenye nguo, kwenye mchele, kwenye sukari, kwenye kabati la vitabu. Mdudu gani atakaa? Nikachota gao la mkono kwenye jamvi lililo karibu na mlango, nikazimwaga juu ya risasi, nikalifunga kopo likafungika kweli.

Jamvi lile lilikuwa na siku mbili tu juani. Mimi ni mtoto wa karafuu, nimezaliwa msimu, nimefunzwa kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kabla sijafunzwa kusoma. Najua karafuu kavu inajulikana kwa kuvunjwa: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikipinda, bado ina maji. Sikuvunja hata moja. Sufuria ilikuwa motoni na baba yuko chooni ananiita kwa jina la mama.

Wiki tano zikapita. Ilikuwa mwisho wa msimu, mchana, wachumaji wamekwenda kusali na kula. Nilikuwa nimeoga, nikafungua kasha kutoa kanga safi. Na hapa lazima niseme nilivyofanya bila kujipamba: nilivaa kanga safi, ya zamani nikaitupa kwenye nguo chafu, na ufunguo nikauacha unaning'inia kwenye kufuli ya kasha. Sikukumbuka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilijiona kwenye kioo nikadhani ni shangazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake anatazama dirishani, mtulivu. Nikasema nijinyooshe dakika tano.

Mvua ilikuja ghafla kutoka upande wa bahari. Na kwetu, mvua ikiwa inakuja na karafuu ziko nje, mambo ya hodi yanasimama. Anayeiona kwanza ndiye anayeanua, ziwe zake au za mwenziwe, hata kama hasemezani na wenye nyumba. Anaingia uani mbio, anakunja majamvi, anaburura kuingiza barazani, na shukurani zitakuja baadaye au haziji. Karafuu iliyorowa inageuka nyeupe, haina thamani tena. Nimewahi kuwaona watu wawili wenye kesi mahakamani wameshika jamvi moja, huyu ncha hii na huyu ncha hii, wanakimbia nalo.

Jirani yetu aliliona wingu kabla ya mtu yeyote. Alikuja mbio, kanga kaifunga kiunoni, na akaanza kukunja.

Baba, dirishani, aliona mtu anakunja karafuu zake anaburura.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande, kwa maneno yaliyomtoka baba siku ile ile na kwa jirani. Baba aliita, "Nani?" Aliita mara tatu, kama alivyofunzwa na babu, na baina ya mara moja na nyengine alingoja. Mpaka hapo alikuwa sahihi kuliko askari. Lakini mvua ilikwisha kufika juu ya bati, na chini ya bati mvua ikinyesha husikii hata adhana. Jirani hakusikia kitu. Mwizi anayeitwa mara tatu asijibu, kwa baba, alikuwa mwizi. Akainuka.

Alikwenda kwanza chumbani kwangu, maana kasha liko huko, na aliwahi kuniuliza risasi ziko wapi nikamwambia kweli. Nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka hapo. Akafungua kasha, akachukua kopo, akatoka. Sikuamka. Mimi ambaye kwa miezi nilikuwa naamka yeye akikohoa tu!

Kilichoniamsha ni bawaba za kabati. Mlio ule ulipita juu ya mvua, ukapita usingizi, ukaniingia mgongoni. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nimefika mlango wa sebule na baba amesimama karibu na dirisha, bunduki imekunjwa wazi juu ya mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anasukuma risasi kwenye mtutu. Dirisha liko wazi. Nje, hatua kumi hivi, Bibi Harusi kainama juu ya jamvi, mgongo wake umetuelekea.

Risasi haikuingia. Akaisukuma kwa dole gumba, ikafika nusu ikakwama. Akaitoa, akachukua nyengine, nayo ikakwama. Chumba kizima kilinuka karafuu na ukungu. Alikuwa anahema, uso umemkakamaa, na midomo yake inasema, "Mara tatu nimemwita. Mara tatu."

Kilichonitoka ni kile nilichofunzwa. Nikanyoosha mikono nikasema, "Baba, nipe niangalie."

Akanigeukia. Sijui kama alinijua. Lakini maneno aliyajua. Akaichomoa risasi iliyokwama, akaigeuza bunduki vile vile ilivyo wazi, akaangalia mtutu wa kwanza, akaangalia wa pili, akanipa.

"Na weye angalia," akasema.

Nikaangalia. Nikasema, "Tupu." Nikaketi chini sakafuni nayo mapajani.

Ndipo jirani akaingia barazani anaburura jamvi la mwisho, kanga imemganda mwilini, anacheka huku anatufokea. "Nyie watu nyie! Mtalala mpaka lini karafuu zirowe?" Akafika mlangoni. Akaniona mimi chini, akaona bunduki, akaona dirisha, akaona risasi mkononi mwa baba. Kicheko kikamwisha. Aliweka jamvi taratibu, akasema, "Baba, ni mie," kisha akasema tena kwa sauti ndogo zaidi, "Ni mie tu." Akarudi kwao kwa njia ile ile aliyojia, mvua inamnyeshea.

Sikumwokoa mimi. Nataka ijulikane, kwa sababu baadaye kaka alinisifu kwa simu. Kosa langu la kwanza lilimpa baba risasi mkononi, na kosa la pili likazizuia mtutuni. Unyevu wa karafuu ulikuwa umeingia kwenye karatasi ya maganda, yakavimba, basi. Ningelikuwa mwanamke makini wa kuvunja karafuu moja kabla ya kutia kopo zima, leo ningelikuwa naandika mambo mengine, au siandiki.

Asubuhi yake baba aliamka mzima kabisa, kama kwamba jana alitumwa mtu mwengine. Risasi nilikuwa nimezipanga kwenye sinia barazani, sijui nifanye nazo nini. Akaketi, akaichukua moja, akaibonyeza, akainusa. Kisha akachukua karafuu moja iliyogandana nayo akaivunja kwa kucha. Ikapinda.

"Hino haijakauka," akasema. Akavunja nyengine, ikapinda. Akaniangalia kwa ghadhabu ya kweli. "N'nani aliyetia karafuu mbichi kwenye kopo?"

"Mimi."

"Weye ntoto wa nani weye?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka machozi, na yeye akawa anazidi kufoka: karafuu mbichi, ndani ya kopo, kopo limefungwa, hata ntoto wa skuli hafanyi. Kisha cheko likakatika, kwa sababu aliuliza nilijuaje kama zimevimba. Alikuwa ameuliza juu ya bunduki. Nikamwambia.

"Jana ulikuwa unazitia, baba. Hazikuingia."

"Kumpigia nani?"

"Bibi Harusi. Alikuwa anatuanulia, mvua ilikuja."

Alisema mimi mwongo. Halafu akanitazama vizuri, akakumbuka kwamba juu ya jambo hili siwezi kuwa mwongo. Akaigeuzageuza risasi mkononi.

"Zingekuwa kavu?" akauliza.

"Zingeingia."

Akashika uzi wa kiunoni kuufungua. Fundo lilikuwa la miaka, vidole havikuliweza. "Lete mkasi," akasema. Nikaleta, nikakata, ufunguo ukaanguka kwenye kikoi chake, naye akauokota akanipa. Hakulia. Nililia mimi, kwa niaba ya wote wawili, na akaniambia nifute uso twende kituoni, kwani gari ya kukodi haingoji.

Kituoni tulipokewa na askari kijana wa Bara, mwenye adabu zake. "Shikamoo mzee," akasema, "umetuletea shotigani?" Baba aliikunja, akaangalia mitutu yote miwili, akampa ikiwa wazi. Kijana akaipokea akaiweka mezani kando ya risasi nilizomkabidhi, akaanza kuandika.

"Hujaangalia," baba akasema.

"Nimekuona umeangalia mwenyewe, mzee."

"Mie ntu ninayesahau. Angalia weye."

Yule kijana akaacha kalamu. Akasimama, akaiinua, akaangalia mmoja, akaangalia wa pili. "Haina kitu, mzee." Baba akaitika kwa kichwa. Tulipewa karatasi ya kupokelea, nikaiweka ndani ya kasha la mama pale pale lilipokuwapo kopo.

Nilidhani tumemaliza.

Siku ya nne jirani alikuja. Alipiga hodi mlango wa mbele. Tangu nimjue mwanamke yule anaingia kwa uani, anafunua masufuria yetu kabla hajasalimu, na siku ile alisimama mbele kama mtu wa sensa akapiga hodi tatu na kungoja. Iliniuma kuliko kama angetutukana. Baba alimwona akafurahi.

"Bibi Harusi! Tokea lini unapita mbele?"

Alikuwa ameshasahau. Jirani akanitazama. Akafunika uso kwa kanga kama kawaida yake. "Leo nimependa tu, baba," akasema.

Wiki ile ile baba akaniuliza, "Bunduki yangu iko wapi?" Nikamwambia iko kituoni. Akauliza kwa nini, nikamwambia kwa nini. Nikauona uso wake ukifanya tena kile ulichokifanya asubuhi ile barazani, kila kitu upya, hatua kwa hatua, mpaka "Zingekuwa kavu?" Kisha akaomba kanzu yake, akataka kwenda kumuomba radhi jirani. Nikampeleka, tumeshikana mikono kupita migombani. Jirani akampokea, akamwambia, "Nimeshakusamehe, baba." Tukarudi.

Kesho kutwa yake akauliza tena. Nikasema kweli tena. Tukenda tena. Ikawa ndiyo kazi yetu. Kuna wiki moja alijua mara tatu kwamba karibu amuue mtu, na mara zote tatu ilikuwa mara ya kwanza. Nilishika kanuni yake kama aliyeapishwa. Nilijiambia namheshimu. Huenda nilikuwa naogopa tu kuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile kusema uongo juu ya bunduki.

Safari ya saba au ya nane, jirani alitusindikiza mpaka nusu ya njia. Baba akatangulia hatua chache, anapiga piga vigogo vya mikarafuu kwa bakora, anaihesabu. Jirani akanishika mkono.

"Shoga, mwache," akasema. "Mie nimechoka kuombwa radhi."

Alisema bila hasira, na macho yake yalikuwa mekundu.

Hazikupita siku mbili. Ilikuwa baada ya adhuhuri, Ijumaa, wakati wake ule wa kutandika gunia. Nilikuwa nakunja nguo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anajipapasa kiunoni pale ulipokuwa uzi.

"Bunduki yangu iko wapi?"

Nikaendelea kukunja. Nilikunja kanzu moja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Iko kabatini, baba," nikasema.

"Ina kitu?"

"Haina kitu."

"Umeangalia weye mwenyewe?"

"Nimeangalia."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Alinitazama, na nilikuwa na hakika ameuona uongo wangu. Kisha akajiegemeza, mikono yake ikatulia juu ya mapaja.

"Vyema," akasema. "Basi kajinyooshe kidogo, mwanangu. Naona umechoka."

Nikaenda kujinyoosha. Mlango wa uani, ule wa jirani, niliuacha wazi.